Aliacha Cambridge, Akaja Maseno: Maisha ya Carey Francis



Leo nawaletea habari za mtu ambaye hakuwa Mkatoliki, na nadhani wengi wenu hapa Mpanda hamjawahi kumsikia. Lakini vuka mpaka uende Kenya, mtafute mzee aliyesoma sekondari miaka ya 1940 au 1950, umtajie jina hilo. Atakaa sawa kwenye kiti kwanza, ndipo akujibu. Anaitwa Edward Carey Francis. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mkuu wa shule, na mtu aliyeuchukulia mpira wa miguu kama somo kamili, sawa na hesabu na dini.

Kwa nini yeye? Kwa sababu ya swali ambalo vijana wa kigango wananiuliza karibu kila wiki. Niko mwaka wa uchungaji. Mchana nasaidia kufundisha, jioni niko uwanjani na filimbi shingoni. Basi wananiuliza, Frateri, umesoma falsafa miaka yote ile, halafu umeletwa huku kutukimbiza na mpira? Wanacheka, nami nacheka. Lakini swali lenyewe ni zito, na najua siulizwi peke yangu. Kuna mwalimu amepangiwa Karema, kuna nesi amepangiwa Inyonga, kuna bwana shamba yuko Mishamo, na kila mmoja anahesabu siku za uhamisho kama mfungwa anavyohesabu siku za kutoka. Moyoni anajiambia kwamba elimu yake inaozea porini. Je, ni kweli inaoza?

Hebu tumwangalie Carey Francis.

Alizaliwa London mwaka 1897. Shuleni alikuwa hodari darasani na uwanjani pia. Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, yeye kama vijana wengi wa umri wake alivaa sare, akapelekwa Ufaransa kwenye kikosi cha mizinga. Alirudi mzima, jambo ambalo wenzake wengi hawakulipata. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge kusoma hesabu, akafaulu kwa daraja la juu kabisa. Baada ya hapo chuo kimojawapo cha Cambridge, kiitwacho Peterhouse, kikamchukua awe mwanachuoni na mhadhiri wake.

Sasa tuelewane. Kuwa mhadhiri wa hesabu Cambridge wakati ule ilikuwa kama kukaa mezani na mabingwa wa dunia. Carey Francis aliandika kitabu cha mazoezi ya hesabu pamoja na J. E. Littlewood, mmoja wa wanahesabu wakubwa wa karne iliyopita. Kitabu kilitoka mwaka 1928. Na mwaka huohuo, akiwa na miaka 30 hivi, mbele yake kukiwa na njia pana ya heshima, Carey Francis alifungasha mizigo. Chama cha kimisionari cha Kanisa la Anglikana, CMS, kilikuwa kinahitaji mkuu wa shule huko Maseno, karibu na Kisumu, mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Akaenda.

Maseno ilikuwa shule iliyoanzishwa mwaka 1906. Usifikirie sekondari ya kidato cha sita. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa kwenye madarasa ambayo leo tungeyaita ya msingi. Yaani mtu aliyekuwa anafundisha hesabu za kuumiza kichwa kwa vijana bora wa Uingereza, sasa anafundisha sehemu na desimali. Na hakulala kwenye hilo: baadaye aliandika vitabu vya hesabu kwa ajili ya shule za msingi, vikatumika Afrika Mashariki. Alikaa Maseno miaka 12. Hakuoa. Shule ndiyo ikawa nyumba yake.

Na jioni? Jioni ilikuwa mpira. Wachezaji walicheza peku, kama karibu kila mwanafunzi wa Kiafrika wa enzi hizo. Mkuu wa shule, na kaptura yake, yuko nao hapohapo.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Shule za Kiingereza za wakati ule ziliamini kwamba uwanja ni darasa la tabia. Kijana akijifunza kutoa pasi wakati angeweza kupiga mwenyewe, kukubali uamuzi wa refa hata ukimuuma, kushindwa bila kununa na kushinda bila kumdhihaki aliyeshindwa, basi amejifunza jambo atakalolitumia akiwa hakimu, mganga au mzazi. Carey Francis alilelewa hivyo, na ndivyo alivyolea. Sisi Wakatoliki hatuna haja ya kushangaa. Mtakatifu Yohane Bosco kule Torino aliwakusanya vijana wa mitaani kwa michezo kabla hajawafundisha katekisimu. Na Mtume Paulo, ukisoma sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anazungumza kama mtu aliyewahi kukaa jukwaani akitazama mbio.

Lakini kulikuwa na jambo jingine kuhusu shule hizi, na bila hilo hatutaelewa uzito wa kazi yake. Kenya ya mkoloni iligawa shule kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi zao, Waafrika zao, na fedha hazikugawanywa sawa hata kidogo. Shule ya Waafrika ilikuwa chumba kilichofungwa kwa nje. Unamfundisha kijana, unamnoa, halafu akitoka anakuta kazi ileile, kiti kilekile, hata hoteli ileile, haviruhusiwi kwa rangi yake.

Hali hiyo haikuwa yetu peke yetu. Marekani nako Waamerika weusi walifungiwa nje ya vyuo vya wazungu kwenye majimbo ya kusini, wakawa na vyuo vyao. Vyuo hivyo vilikuwa na timu zao za mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono na kugongana. Mechi ya kwanza kati ya vyuo vya weusi ilichezwa Desemba 1892 huko North Carolina, Biddle dhidi ya Livingstone. Baadaye wakatokea makocha wakubwa kama Jake Gaither, mtoto wa mchungaji, aliyekuwa kocha mkuu wa chuo cha Florida A&M tangu 1945 hadi 1969, akashinda mechi 203 na kupoteza 36 tu. Kwa miaka mingi timu yake haikuruhusiwa hata kukutana na vyuo vya wazungu vya jirani. Makocha wa aina hiyo walikuwa wanawaandaa vijana kwa mlango ambao bado haujafunguliwa.

Na nyuzi hizi mbili zinakutana. Mwaka 1924 tume ya elimu kutoka Marekani, iliyoitwa Phelps-Stokes, ilipita Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo. Ndani yake alikuwemo Dokta James Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, Ghana ya leo, ambaye alisoma na kufundisha katika chuo hichohicho cha Livingstone. Mawazo ya vyuo vya weusi wa Marekani yakaingia katika mjadala wa elimu huku kwetu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1926, makanisa ya Kiprotestanti nchini Kenya yakafungua kwa pamoja shule ya sekondari ya wavulana wa Kiafrika mahali paitwapo Kikuyu, karibu na Nairobi. Ikaitwa Alliance.

Mwaka 1940 Carey Francis alihamishiwa huko kuwa mkuu wa pili wa shule. Akakaa miaka 22.

Chini yake Alliance ikawa shule ambayo jina lake lilitajwa kwa heshima hata Makerere, chuo pekee kikubwa cha Afrika Mashariki wakati huo. Vijana walifaulu mitihani ya Cambridge vizuri mno. Ratiba ilikuwa kali: ibada, darasa, usafi, kazi za mikono, michezo. Waliosoma seminari ndogo ya Kaengesa wakisoma hapa watatabasamu, maana wanaijua kengele. Mkuu wa shule alijulikana kwa ukali wake na kwa jicho lililoona kitanda kisichotandikwa vizuri kutoka mlangoni.

Sasa tufike mahali pagumu, maana sipendi tuwasome watu wakubwa kama sanamu za plasta.

Carey Francis aliwapenda wanafunzi wake. Hilo hata waliompinga hawakulikataa. Lakini aliiamini serikali ya Uingereza. Aliona kwamba Waafrika wangeweza kujitawala siku moja, ila siku hiyo ilikuwa mbali, na wanasiasa waliotaka uhuru upesi aliwaona kama vijana wanaotaka kuingia uwanjani kabla ya mazoezi kwisha. Alikuwa baba mwema ambaye hataki kukubali kwamba mtoto amekua. Ubaba wa namna hiyo unaumiza, tena unaumiza zaidi kwa sababu unatoka kwa mtu anayekupenda.

Oktoba 1952 serikali ilitangaza hali ya hatari kupambana na Mau Mau. Alliance ilikuwa katikati ya nchi ya Wakikuyu, katikati ya moto wenyewe. Wanafunzi walikuwa darasani wakati ndugu zao wako msituni, kizuizini, au makaburini. Kijana mmoja kutoka Limuru alijiunga na shule hiyo mwaka 1955. Aliporudi likizo ya kwanza alikuta kijiji chao hakipo, kimebomolewa, watu wamehamishwa. Kijana huyo tunamfahamu leo kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikiwa na filimbi mkononi. Tunawafundisha vijana kumtii refa. Vizuri kabisa, bila hivyo hakuna mchezo, ni vurugu tu. Lakini refa mwenyewe akiwa amevaa jezi ya timu moja chini ya shati lake jeusi, je? Serikali ya mkoloni ilikuwa refa wa namna hiyo. Ilitunga sheria, ilisimamia sheria, na ilicheza upande mmoja.

Carey Francis aliwapinga Mau Mau waziwazi. Viapo na mauaji aliviona ni giza. Lakini alipojua jinsi askari wa serikali walivyokuwa wanawapiga na kuwatesa watu, hakunyamaza. Aliandika kwa wakubwa kulalamika, kwa jina lake. Mtu aliyeiamini mamlaka ile maisha yake yote aliiambia kwamba inatenda dhambi. Wengi wa rangi yake hawakupenda. Hakwenda mbali kama wanafunzi wake walivyotaka, na pale alipofika hakusogea zaidi. Ila alifika mahali ambapo wengi waliokuwa salama nyumbani kwao hawakufika.

Mimi najiandaa kwa maisha ya utii. Nimemsoma Mtakatifu Thoma akieleza kwamba sheria isiyo ya haki inapungukiwa na kile kinachoifanya iwe sheria. Darasani ni rahisi kuandika hivyo kwenye karatasi ya mtihani. Kwa Carey Francis naona inavyokuwa kwa mtu mwenye damu na nyama: utii wa kweli una macho, unaona, na ukiona unasema, hata sauti ikitetemeka.

Sasa angalieni kilichotokea. Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Katika serikali ya kwanza, viongozi wengi walikuwa wametoka Alliance, Maseno, au zote mbili. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alisoma Maseno na kisha Alliance, akarudi Maseno kufundisha. Julius Kiano, mmoja wa mawaziri wa mwanzo, alikuwa wa Alliance. Na orodha ni ndefu: majaji, madaktari, walimu, waandishi. Mwalimu aliyedhani uhuru uko mbali ndiye aliyewanoa watu wake miaka yote ile.

Kumbe aliwaandaa kwa mechi ambayo yeye mwenyewe hakuamini kwamba imekaribia kuchezwa!

Hapa ndipo napenda tukae kidogo. Kile kitabu alichoandika Cambridge kilihusu mfululizo wa namba usio na mwisho. Nitaeleza kama ninavyowaeleza vijana wa kidato cha pili. Chukua nusu ya mkate. Ongeza robo. Ongeza nusu ya robo. Ongeza nusu ya hiyo. Endelea hivyohivyo, kila kipande kidogo kuliko kilichotangulia. Zeno, mwanafalsafa wa Kigiriki, alisema safari ya namna hii haifiki popote, maana kila mara kuna kipande kimebaki. Wanahesabu wakaonyesha kwamba jumla yake ni mkate mmoja mzima. Vipande ambavyo ukivitazama kimoja kimoja unavidharau, vyote pamoja vinatimiza kitu kizima.

Miaka 34 ya ukuu wa shule ilikuwa vipande vya namna hiyo. Daftari limesahihishwa. Kitanda kimetandikwa. Pasi imetolewa. Kijana mmoja ameambiwa ukweli, mwingine ameombewa usiku. Nani alikuwa anajumlisha? Hakuwa Carey Francis. Yeye hata jumla aliikosea, alidhani itafika baadaye sana. Mungu ndiye aliyekuwa na hesabu kamili. Mtume Paulo anasema kitu cha namna hiyo kuhusu yeye na Apolo katika sura ya 3 ya waraka uleule: mmoja hupanda, mwingine humwagilia, lakini kukua ni kwa Mungu. Mlezi hamiliki mavuno. Anaweza hata kushangazwa nayo.

Mwaka 1962 Carey Francis alistaafu ukuu wa Alliance. Alikuwa na umri wa miaka 64 hivi. Angeweza kurudi Uingereza akapumzika, na nishani za serikali alikuwa nazo. Badala yake alikwenda Pumwani, mtaa wa zamani wa Waafrika mjini Nairobi, mtaa wa watu wa kipato cha chini, akawa mwalimu wa kawaida kwenye sekondari ya hapo. Naomba msome tena sentensi hiyo. Mtu ambaye mawaziri walimwita mwalimu wao alikubali kuwa na mkuu wa shule juu yake, kupangiwa vipindi, kusahihisha madaftari ya watoto wa mtaani. Alifundisha hivyo mpaka alipofariki Julai 1966. Alizikwa kwenye viwanja vya Alliance. Nchi ilikuwa huru tayari, na waliomlilia walikuwa ndio wenye nchi.

Kutoka Cambridge kwenda Maseno alishuka. Kutoka ukuu wa Alliance kwenda Pumwani alishuka tena. Ukisoma sura ya 2 ya Waraka kwa Wafilipi utaona ni nani aliyeshuka kwanza, na kwa ajili ya nani.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini blogu ya vijana Wakatoliki inamsifu Mwanglikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 kuhusu umoja wa Wakristo, unatutaka tutambue kwa furaha mema ya Kristo yaliyo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Basi nimetambua, na nimefurahi. Na kama mnataka Mkatoliki, tena wa huku kwetu, nendeni Karema mkasikie habari za Dokta Adrian Atiman. Aliporwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika kando ya Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu wa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Elimu ya Malta haikuozea Karema. Iliponya watu.

Sasa nirudi kwa vijana wa uwanja wetu. Nawajua kwa majina. Kuna ambaye mazoezi yanamkosa kila msimu wa tumbaku kwa sababu nyumbani wanamhitaji. Kuna winga mzuri ajabu ambaye mwezi uliopita aliacha shule akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na sijui kama atarudi. Kuna kipa anayetaka kuwa daktari na hana hela ya kitabu. Nikiwatazama, najiuliza kama filimbi yangu inasaidia chochote. Jibu silipati jioni hiyohiyo. Napata tu nafasi ya kufika kesho yake saa kumi na nusu, na kumtuma mtu aulizie yule winga anaendeleaje.

Kwa hiyo, wewe mwalimu wa Karema, wewe nesi wa Inyonga, wewe kiongozi wa VIWAWA unayeitisha mkutano wakaja watu wanne: omba uhamisho kama una sababu ya kweli, si dhambi. Lakini siku uliyo nayo hapo, ifanye kazi yote. Usimfundishe mtoto wa Katavi nusu nusu ukisubiri watoto wa mjini. Na ukimlea, mlee kama mtu atakayekupita, maana huenda mlango wake utafunguka mapema kuliko unavyodhani.

Maswali ya kutafakari wiki hii, peke yako au katika jumuiya:

1. Ni kazi gani ndogo ninayoidharau kwa sababu hakuna anayeiona?
2. Ni wapi ninatii kwa macho yaliyofumba, na Mungu ananiomba niseme ukweli kwa upendo?
3. Ni kijana gani mmoja ambaye nimeacha kumfuatilia, na ninaweza kumtafuta kabla ya Dominika?

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliishi miaka 30 Nazareti, na dunia haikujua. Utufundishe kuipenda Nazareti yetu. Uwatunze vijana wa Mpanda na Katavi yote, waliopo uwanjani, waliopo darasani, na waliopo machimboni. Uwape walezi wenye bidii na unyenyekevu, na mavuno uyakusanye wewe. Amina.